Hasara ya Bwana Studd

Katika hesabu za wenye akili, marhumu C. T. Studd wa Uingereza alipata hasara isiyo kifani. Maana, baada ya kuichezea nchi yake kriketi mwaka 1882 na jina lake kuvuma kila pembe, alikwenda China mwaka 1885 kuhubiri Injili, akaugawa urithi wa baba yake kwa kazi za dini na za maskini, na hatimaye, hali afya yake imedhoofu, akaingia Kongo mwaka 1913, akafia Ibambi mwaka 1931.

Sisi tulio hodari zaidi tumevumbua njia isiyo na taabu: twamwomba Mwenyezi Mungu, kwa unyenyekevu mwingi, atujalie kwanza gari, kisha cheo, kisha kiwanja chenye hati, na ufalme wa mbinguni twauweka mwisho wa orodha, kwa kuwa hauna haraka. Sadaka twaitoa kwa tangazo, malaika mwandishi asije akakosea jina. Na yule tajiri wa mfano wa Yesu, aliyeazimia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na roho yake ikatakiwa usiku ule ule, twamsikitikia kwa dhati, si kwa tamaa yake, bali kwa kuwa hakuzikatia bima.

Faida moja tu twakiri kwamba Studd aliipata: hakuacha mirathi ya kugombewa, neema ambayo warithi wetu, pamoja na mawakili wao, hawataionja kamwe.