Namna ya Kuyaua Majimbo Bila Kuyagusa

Hongera, Mheshimiwa. Umeshinda uchaguzi, bendera ya mkoloni inashushwa, serikali ni yako. Ila katiba uliyokabidhiwa kule London imekuachia nusu tu: majimbo saba, kila moja na bunge lake na rais wake, na juu yao Seneti ya watu 41 wa kuyalinda. Usihamaki. Kenyatta na chama chake cha KANU waliikuta hali hiyohiyo nchini Kenya mwaka 1963, na ilipofika 1968 hapakuwa na majimbo ya kugombaniwa.

Neno "kufuta" usilitamke. Kugusa mambo ya majimbo kulitaka asilimia 90 ya kura za Seneti, na hizo huna. Lakini hakuna kifungu kinachosema faili litembee kwa mwendo gani. Wabunge wa jimbo wameshaapishwa. Wanangoja makarani, wanangoja fedha, wanangoja kukabidhiwa idara. Wajibu kwa adabu kwamba suala lao linashughulikiwa. Wakikumbusha, wajibu tena, kwa adabu zaidi. Wageni wa kazi hii hukimbilia kubadili sheria, wakaishia kupigiwa kelele bure. Mwananchi akienda kwa rais wa jimbo kuomba zahanati akarudi mikono mitupu, hakulaani wewe. Anauliza haya majimbo yana faida gani.

Halafu hilo jina "rais". Nchi moja itakuwaje na marais wa kila pembe? Mwaka 1964 wale wa majimbo waligeuzwa wenyeviti. Gharama yake ni rangi ya kibao.

Sasa watetezi wa majimbo wenyewe: Ngala, Moi na chama chao cha upinzani, KADU. Usiwafunge, mfungwa hupata wafuasi. Tishia kuitisha kura ya maoni, kisha acha mlango wa chama chako wazi. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, watu wake wakahamia KANU. Moi, aliyekuwa rais wa Jimbo la Bonde la Ufa, akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwaka 1967 akawa Makamu wa Rais. Baada ya hapo hakuonekana kuyakumbuka sana majimbo. (Nikunong'oneze: usimsogeze karibu mno. Huyo alikuja kukaa Ikulu miaka 24.)

Yaliyobaki ni makaratasi. Mwaka 1965 ile asilimia 90 ilishushwa hadi 65. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge. Maseneta wenyewe waliridhia, kwani viti vilihama nao na muda wao ukaongezwa. Mikoani akabaki PC, yaani mkuu wa mkoa, anayeteuliwa na wewe na kukujibu wewe.

Nyingi kati ya mbinu hizi hazifanyi kazi tena. Tangu Katiba ya 2010 kuna kaunti 47, zenye haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, Seneti imerudi, na kuugusa ugatuzi kunataka kura ya maoni ya kweli, si ya kutishia. Kwa hiyo rudi kwenye lile faili. Kifungu cha 219 kinaagiza fedha za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa isivyostahili. Lisome tena hilo neno la mwisho, Mheshimiwa.