Napoli: Mji Ambao Sheria Zote Ziko Mezani

Wagiriki walioujenga mji huu waliuita Neapolis, yaani Mji Mpya. Yapata miaka 2,500 imepita na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha jina. Wakazi wa Mji Mpya, Morogoro, msikate tamaa.

Watu watakudanganya kwamba Napoli haina sheria. Watakuonyesha vespa imepakia baba, mama, mtoto na mbwa, na kofia ngumu imening'inia kwenye kiwiko cha baba kama kikapu cha sokoni. Watakuonyesha taa nyekundu, na madereva wanaoipita huku wakiitazama kwa heshima, kama mtu anayempita mzee asiyemdai. Usiwasikilize. Napoli ina sheria kali kuliko Uswisi, ila zote zimehamishiwa mezani. Barabarani fanya unavyoona. Ukiagiza kapuchino baada ya chakula cha mchana, hapo umevunja amani ya nchi.

Mwongozo huu ni wa kumsaidia ndugu yetu aende, ale, anywe, atazame, na arudi bila kesi.

Tuanze na kahawa, maana ndilo kosa la kwanza utakaloshtakiwa. Inauzwa baa. Baa ya huko ni mahali pa kahawa na mkate mtamu, kwa hiyo ukimpigia mama simu saa moja asubuhi ukamwambia uko baa, hakikisha salio linatosha kumalizia sentensi. Usikae. Ukikaa unalipia na kiti. Kahawa ya Napoli hunywewa umesimama, kiwiko kaunta, kama una gari linalokusubiri nje. Baa nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unaipeleka kaunta. Hapo utaitwa “dottò”, yaani daktari. Usianze kujieleza kwamba hata diploma hukumaliza. Ni kama “bosi” au “mheshimiwa” ya kwetu, hutolewa kwa kuangalia viatu.

Utawekewa glasi ndogo ya maji. Yanywe kabla. Ukiyanywa baada ya kahawa, muuzaji ataona unasuuza mdomo kuiondoa kahawa yake, na hatakusahau. Kisha kinakuja kikombe, na kikombe chenyewe kimetolewa kwenye maji ya moto. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyekulia kwenye vijiwe vya kahawa vya Tanga, nilikipeleka mdomoni moja kwa moja. Siku mbili nilikula kwa upande mmoja wa mdomo. Wenyeji hukoroga, husema umbea kidogo, ndipo hunywa. Ni mafunda matatu. Ukifika la nne, ujue umeuziwa ya watalii.

Mtu wa pwani hatapata tabu: kikombe kidogo, kahawa chungu, siasa nyingi. Kinachokosekana ni kashata. Na huenda buni yenyewe ni ya jirani, kwani kwa miaka mingi Italia imekuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, na buni ya aina ya robusta ndiyo inayokipa kikombe cha Napoli lile povu zito. Lakini usimwambie muuzaji. Kwa imani yake, buni huota Napoli.

Kuna desturi moja huko inayoitwa kahawa iliyotundikwa, caffè sospeso. Unakunywa moja, unalipa mbili, unaondoka. Baadaye akipita asiye na kitu, anauliza kama kuna iliyotundikwa, anapewa. Hakuna daftari la majina wala picha ya makabidhiano na mgeni rasmi. Kwetu tungeunda kamati.

Sasa pizza. Hapa sheria si ya mdomo tena. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliipa pizza ya Napoli kanuni rasmi: kipenyo kisizidi sentimita 35, ukingo uliovimba uwe wa sentimita 1 hadi 2, tanuri la kuni lifike nyuzi 485 hivi, na pizza ikae humo sekunde 60 hadi 90. Soma tena. Mji ule ule ambao hukujua gari linatokea upande gani, umekaa chini ukapima ukingo wa mkate kwa rula. Mwaka 2017 UNESCO nayo ikauingiza ufundi wa wapishi wa pizza hiyo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Inakuja laini, katikati ina majimaji, kipande hakisimami. Aliyezoea pizza kavu kama gamba atamwita mhudumu aseme haijaiva. Usimwite. Imeiva, wewe ndiye bado.

Halafu kila mtu na yake. Kwetu pizza moja kubwa huliwa na watu wanne na mpita njia mmoja. Huko ukiagiza moja na visu vinne, utaulizwa nani mgonjwa. Tomato sosi isitajwe. Nanasi lisiwazwe. Nilikuwa na kichupa cha pilipili kutoka nyumbani, nikakitumia chini ya meza kama mtu anayetoa rushwa, na bado bibi wa meza ya pili aliniona. Alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama mtu aliyekuwa akimfahamu marehemu.

Wapi? Da Michele wapo tangu 1870, na kwa desturi yao aina ni mbili: marinara, yenye nyanya, kitunguu saumu na oregano bila jibini, na margherita. Unachukua namba kama benki, unasubiri kama hospitali. Ukishindwa, nenda Via dei Tribunali, kwa Sorbillo au Di Matteo. Bill Clinton alikula Di Matteo mwaka 1994 alipokuja kwa mkutano wa G7, na hawajaacha kulitaja. Hapo dirishani wanauza pizza iliyokunjwa mara mbili kama pochi. Ule umesimama, kichwa mbele, tumbo nyuma, maana mafuta yana haraka. Utasimuliwa kwamba margherita ilibuniwa mwaka 1889 kwa heshima ya Malkia Margherita. Wanahistoria wana mashaka. Wewe usiwe na mashaka na mdomo umejaa.

Ipo pia pizza ya kukaanga, ile aliyoiuza Sophia Loren katika filamu ya L'oro di Napoli ya mwaka 1954. Masharti yake: kula leo, lipa baada ya siku nane. Mangi wa mtaani kwenu angeelewa kila kitu bila tafsiri.

Ndugu yangu Mwislamu, njoo pembeni kidogo. Napoli nguruwe hakai kwenye nyama tu, ambako ungemwona na kumkwepa. Anajificha kwenye unga. Ile taralli ya duara yenye pilipili manga na lozi, inayokaa dirishani kwa unyenyekevu kama visheti vya Idi, imekandwa kwa mafuta yake. Sfogliatella riccia, ule mkate mtamu wenye matabaka membamba kama kombe la pwani, matabaka hayo kwa desturi hutenganishwa kwa mafuta hayo hayo. Ukikimbilia babà ukidhani ni keki tu, imelowekwa ramu hadi inachuruzika. Ponea kwenye marinara: unga, maji, chumvi, hamira, nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Nyama halali tafuta kuzunguka Piazza Garibaldi, mbele ya stesheni, kwenye mabucha ya wahamiaji. Asiye na kizuizi na aonje 'o pere e 'o musso, mguu wa nguruwe na pua ya ng'ombe, vilivyochemshwa, vikapoa, vikakamuliwa limau na kutiwa chumvi. Ni kongoro lililokosa supu.

Kinywaji cha mji, kwa maoni yangu, si divai. Ni limau la kibandani. Vibanda hivyo viko pembezoni mwa barabara, vimetundikwa malimau makubwa kama ngumi ya bondia, majani yakiwa bado juu. Muuzaji anakata mawili, anayakamua kwenye glasi ndefu, anaongeza maji yenye gesi hadi karibu na ukingo. Halafu anasita. Anakutazama viatu. Anachota kijiko cha magadi soda, anakishika juu ya glasi, na kwa mkono wa pili anakuashiria utanue miguu. Hafanyi utani. Magadi yakiingia tu, limau linaruka kama volkano, na una sekunde mbili za kuinama, miguu mbali, mdomo mbele, kunywa kabla hujaogeshwa. Ndiyo maana wanaliita limau la mapaja wazi. Baada ya hapo utacheua kwa sauti ambayo kwenu ingehitaji kuomba radhi. Huko muuzaji huitikia kwa kichwa: kazi imekamilika.

Kutazama sasa, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu umeshiba. Fuata Spaccanapoli, barabara nyembamba iliyonyooka inayoupasua mji wa kale, hadi Piazza San Domenico Maggiore. Onyo kwa wasengenyaji: hapo lipo jengo la chuo kikuu cha L'Orientale, kilichotokana na shule ya Wachina iliyoanzishwa mwaka 1732, na wanafundisha Kiswahili. Marehemu Elena Bertoncini Zúbková alikifundisha hapo kwa miaka mingi, na kitabu chake juu ya fasihi yetu kilitoka mwaka 1989. Kwa hiyo yule binti anayekula sfogliatella kando yako, ambaye umemwambia mwenzako kwamba suruali yake imebana, anaweza kuwa amemsoma Kezilahabi kuliko wewe.

Hatua chache kutoka hapo ni Cappella Sansevero, yenye Kristo Aliyefunikwa, kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753. Ni marumaru. Nalisema kwa sababu utabisha. Shuka limemlalia kama limelowa maji, na chini yake unauona mshipa wa paji la uso. Watu walibisha zamani wakadai mwenye kanisa, mkabaila aliyependa mambo ya kemia, aligeuza shuka halisi kuwa jiwe. Kupiga picha marufuku, na tiketi inunuliwe mapema. Simu ikiwa mfukoni, macho hukumbuka kazi yake.

Karibu na hapo, Bar Nilo, kuna kijialtari chenye unywele wa Maradona. Kunywa kahawa kabla ya kuuabudu, ndiyo adabu. Aliwapa ubingwa wa ligi ya Italia mwaka 1987 na 1990, na ukitaka kujua uzito wake, jaribu kusema mbele yao kwamba alikuwa mzuri tu.

Hata watakatifu wana ratiba. Damu ya San Gennaro, iliyo katika vichupa kanisani, hungojewa iyeyuke mara tatu kwa mwaka, mojawapo tarehe 19 Septemba. Ikichelewa, wapo akina mama wazee wanaojiita jamaa zake, ambao kwa desturi humkaripia kwa sauti na kumwita uso wa njano. Ukikaripiwa kwa kapuchino, usijione umeonewa.

Pompei utakwenda kwa treni ya Circumvesuviana, begi likiwa kifuani. Usiishie kwenye mahekalu. Tafuta vibanda vya mama lishe wa mwaka 79, kaunta za mawe zenye mitungi iliyopachikwa. Katika kimoja waligundua mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono, vilivyouzwa kabla mlima haujafunga biashara. Mlima huo, Vesuvio, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1944, na kila meza ya mgahawa yenye mandhari nzuri inautazama.

Na barabarani? Ipo sheria moja, nayo lazima uiombe mwenyewe. Teksi za Napoli zina nauli maalumu zilizopangwa kwa safari kama ya kutoka uwanja wa ndege, lakini dereva hatazitaja. Sema “tariffa predeterminata” kabla hajawasha gari. Mimi nilisema tukiwa tumeshafika. Alicheka hadi akavua miwani.