Altezza, Spesa na Mama Mkwe

Anayeshusha Toyota Altezza hulipia urembo mmoja akaletewa kasoro mpya. Bodi inakaribia lami vizuri, ila tairi zinaonekana zimezama ndani ya fenda. Sababu iko kwenye saspenshi: magurudumu yote manne yameshikwa kwa mikono ya juu na ya chini, na gari likishuka, sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani. Gari lililotakiwa kusimama kibabe linasimama kama mtu aliyebanwa na haja.

Dawa yake ni spesa, kipande cha alumini kinachokaa kati ya habu na rimu ili kuisogeza tairi nje. Jamaa mmoja wa Tabata aliifuata Gerezani, Kariakoo.

“Hizi zinaingia gari zote, bosi,” muuzaji alimwambia.

Kweli, ziliingia. Stadi 5 za Altezza, yaani bolti za kufungia rimu, zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, na spesa zile zilikuwa na matundu marefu ya kupokea stadi za kila ukoo. Tundu la katikati nalo lilikuwa pana. Habu ya Altezza ina kipenyo cha milimita 60.1, na spesa ya kwake hasa ingeikumbata barabara. Hiyo ya gari zote haikuikumbata yoyote.

Halafu kuna hesabu ya nati. Uzi wa stadi za Toyota hii unaisogeza nati milimita 1.5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo spesa ya milimita 5 inakula mizunguko mitatu na ushee. Stadi yenyewe ina unene wa milimita 12, na fundi makini hataki nati ishike uzi pungufu ya huo unene, yaani mizunguko 8. Fundi wa jamaa yetu alipata mitano, akapanda kwa mguu juu ya spana, akatangaza: “Hiyo hata tembo haitoi.”

Tembo hakuja. Gari lilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka, kwa sababu rimu haikukaa katikati ya habu. Jamaa aliilaumu barabara. Akalipia balansi. Akailaumu barabara tena.

Muuzaji mwingine alimwonyesha spesa nene za Mercedes-Benz, duara la milimita 112. “Tofauti ni mbili na kitu tu, kaka. Ukikaza, nati inajipanga yenyewe.” Nati haijipangi, inaingia kiupande, na kila kilomita inazidi kuichosha stadi. Hapo jamaa alisita, ingawa si kwa hofu ya kiufundi. Bei ilimshinda.

Akanunua za milimita 25, zenye stadi zake zenyewe. Rimu za kiwandani za inchi 17 zina ofseti, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu, ya milimita 50. Ukiweka spesa ya 25 inabaki 25, na nafasi kati ya tairi za ekseli moja inatanuka kwa sentimita 5 nzima. Akaegesha mbele ya kinyozi. Vijana wakatoka na vitambaa shingoni kuja kuangalia, nywele zimenyolewa nusu.

Jumapili akampakia mama mkwe, kiti cha nyuma. Tuta la kwanza, sauti ya kukwaruza.

“Baba, kuna kitu kinakwaruza huku kwangu.”

“Ni barabara, mama.”

“Barabara imeingia ndani ya gari?”

Mkwe hawezi kumweleza mama mkwe kwamba springi zimebonyea upande wake. Akanyamaza, akaendesha kwa mwendo wa msiba, huku ukingo wa fenda ukiichonga tairi kila gari lilipodunda.

Aliyemtoa kwenye aibu alikuwa jirani yake, fundi ujenzi. Huyo hakuuliza spesa inapendeza vipi, alileta timazi. Walipakia watu wanne garini, wakateremsha uzi kutoka ukingo wa fenda ya nyuma, wakapima mpaka ubavu wa tairi kwa rimu zisizo na spesa: milimita 18. Mbele nafasi ilikuwa finyu zaidi, na tairi za mbele hugeuka, kwa hiyo mbele wakaamua paachwe kama palivyo. Nyuma zikaenda za milimita 15, tundu la kati 60.1, na stadi za zamani zikang’olewa zikawekwa ndefu. Nati zikakazwa kwa spana yenye kipimo, nyutoni-mita 103, bila mtu kupanda juu.

Spesa mpya hudai nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Siku aliyosafiri na mama mkwe kwenda Morogoro, walipofika Mlandizi jamaa akaegesha na kutoa spana.

“Zimeharibika tena?” mama mkwe akauliza.

“Hapana, mama. Nazikagua.”

“Basi letu la zamani halikukaguliwa Mlandizi, na tulifika.”

Walifika salama, kimya kabisa huko nyuma. Tatizo lilizuka siku ya kurudi, mama mkwe alipotokea na gunia la mahindi na matenga mawili ya nyanya. Timazi lilipima watu wanne, mahindi hayakuhesabiwa. Jamaa akaliangalia gunia, akamwangalia mama mkwe, akakumbuka anaishi na binti wa nani. Gunia likakatiwa nafasi kwenye basi.