Namna ya Kulala na Mashine ya Unyevu Mabira Bila Kuota Uyoga

Hongera. Shemeji wa Dar es Salaam, ambaye kiyoyozi humkausha koo usiku kucha, amekuletea mashine ya kuongeza unyevu chumbani. Nawe unaishi Mabira, Kyerwa, ambako mwezi wa Aprili shuka hukaa kambani siku tatu na kuanuliwa likiwa bado bichi. Zawadi haikataliwi, basi tuitumie.

Kwanza msimu. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, mvua inakufanyia kazi hiyo bure. Mashine ibaki ndani ya boksi. Julai, vumbi la barabarani likishaingia hadi kwenye kopo la sukari na mtoto akaamka midomo imepasuka, hapo una haki ya kuichomeka. Tundika na kipimo cha unyevu ukutani. Kikisoma kati ya asilimia 30 na 50, zima ulale. Kikivuka 60, ukungu utachora ramani nyuma ya kabati, na ile dari ya jipsamu uliyowapigia ndugu picha itatoka madoa.

Iweke juu ya meza, kama mita moja kutoka kitandani, isielekee uso wako wala soketi.

Maji yachemshwe yapoe. Kuchemsha huua vijidudu lakini chokaa hubaki, kwa hiyo ukikuta vumbi jeupe juu ya redio asubuhi, usimgombeze mtu kwa kumwaga unga. Kila siku mwaga yaliyosalia, sugua tangi, likauke. Usipofanya hivyo utakuwa unafuga vijidudu na kuwapa usafiri hadi mapafuni.

Na usitie dawa, hata ile ya kufulia inayonukia usafi. Korea Kusini ziliuzwa dawa maalumu za kusafishia maji ya mashine hizi tangu 1994. Mwaka 2011 ndipo ikajulikana kwamba zilikuwa zikiharibu mapafu. Waliokufa ni wengi, wakiwemo watoto wachanga na akina mama wajawazito.

Jirani atakucheka: umeme wa nini, wakati sufuria la maji juu ya jiko la mkaa linatoa mvuke na joto kwa pamoja? Ni kweli, na usingizi wake ni mzito ajabu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukishikilia njia hii, mwachie jirani ufunguo, maana asubuhi ni yeye atakayefungua mlango. Vinginevyo jiko lilale nje, hata likiwa limebaki na makaa mawili tu.

Limebaki suala la kahawa. Najua magunia ya kahawa ya maganda yanalala chumbani kwako, kwa kuogopa wezi. Kahawa iliyokauka sawasawa hubaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ukiifukizia usiku kucha, karani wa chama cha msingi ataitikisa sikioni, asisikie punje ikigonga ganda, akurudishe ukaanike upya. Kwa hiyo mashine na gunia havilali chumba kimoja, na kwa bei ya kahawa, inayohamia sebuleni ni mashine. Mwenye kikohozi aifuate hukohuko.