Muulize Bi Mawimbi: Ekstenda Imekuja, Mtandao Haujaja

*Shikamoo Bi Mawimbi. Nakaa Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu. Ruta iko chini sebuleni, chumba chetu kiko juu upande wa nyuma. Tangu niolewe hapa, nikitaka kuonana na dada yangu aliyeko Muscat nakwenda kukaa kwenye ngazi. Mume wangu akaenda Darajani akanunua ekstenda, akaichomeka pembeni ya kitanda. Sasa alama za Wi-Fi zimejaa zote, lakini dada anaganda mdomo wazi. Mume anasema mbovu ni simu yangu. Shemeji anasema tununue meshi ya vifaa vitatu. Nimsikilize nani?*
*Mke wa Ngazini*

Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao mpaka nimalize.

Simu yako haina ubaya. Alama zilizojaa zinaonyesha simu inavyoisikia ekstenda, na ekstenda iko pua kwa pua na mto wako. Hazisemi lolote kuhusu ekstenda inavyoisikia ruta, na msiba uko huko. Ekstenda ni mshenga: hana maneno yake mwenyewe, hupokea ya upande huu akayafikisha upande wa pili. Umemweka mahali asikosikia kitu, atafikisha nini? Kifaa hicho hukaa katikati ya njia, pale ambapo mtandao wa ruta bado una nguvu. Kwa nyumba yako mahali hapo panajulikana, maana umepakalia miaka yote. Tafuta tundu la umeme hapo kwenye ngazi.

Hata ukiihamisha usijipe matumaini makubwa. Mshenga wa bei rahisi ana chaneli moja tu: akisikiliza hasemi, akisema hasikilizi, na hapo kasi hushuka karibu nusu. Zile za bendi mbili zina nafuu, kwa sababu zinaweza kupokea kwa bendi moja na kutoa kwa nyingine.

Aliyekuponza hasa ni aliyejenga nyumba, Mungu amrehemu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Tena boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba, na kwa kuwa hazikuwa ndefu, vyumba vikawa vyembamba na kuta zikawa nyingi. Mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye mbio, hufia ukutani mapema. Ya 2.4 hupenya zaidi ila ni ya polepole. Sasa mwambie shemeji kwamba nodi za meshi, yaani hivyo vifaa vyake vitatu, nazo huzungumza kwa mawimbi hayo hayo. Ukizitenganisha kwa kuta tatu za namna hiyo, umenunua ekstenda kwa bei ya meshi.

Nyumba yako inataka waya. Waya wa Cat 6 hufika mita 100 bila kulegea, na ukuta wa matumbawe hauushughulishi. Sikutumi utoboe: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na chokaa ya zamani ikianza kumong'onyoka hujui itaishia wapi. Upandishe kwenye ua wa ndani, ufuate ngazi, uingie juu ya mlango. Sehemu inayopigwa jua, nunua waya wa nje. Ukifika chumbani, mwisho wake weka kifaa cha kutoa Wi-Fi. Ruta ya zamani iliyolala kabatini yafaa: zima DHCP yake, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, chomeka waya kwenye tundu la LAN na si la WAN. Jina la mtandao na neno la siri viwe vile vile vya chini. Hapo dada atafunga mdomo, au ataufungua kwa hiari yake.

*Niaje Bi Mawimbi. Niko bedsitter hapa Nairobi. Kuanzia saa mbili usiku Wi-Fi inakwama kabisa. Jirani ameweka meshi. Na mimi ninunue?*
*Kijana wa Ghorofa ya Nne*

Huyu hata shikamoo hana, basi nami nitakuwa mfupi.

Usinunue. Chumba kimoja hakina pa kuweka nodi ya pili, labda uiweke juu ya ya kwanza. Itoe ruta nyuma ya televisheni (najua iko huko, nyote mnaificha huko) uiweke juu na wazi. Saa mbili usiku jengo zima limerudi nyumbani, na kwenye bendi ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Hesabu majirani ugawe kwa tatu, utaona mnavyokanyagana. Hamia gigahezi 5. Huko chaneli ni nyingi zaidi, na zile kuta zinazomtesa mwenzako wa Unguja zinakukinga wewe na mawimbi ya jirani.

Ikikataa bado, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime kasi saa hiyo hiyo ya usiku. Kama hata kwa waya ni ndogo, hilo ni la kampuni inayokuuzia intaneti, wapigie. Meshi hugawa kilichoingia mlangoni, haiongezi.

*Bi Mawimbi, shikamoo. Tuko Dar, nyumba ya matofali, chini na juu, sakafu ya juu ni zege. Tuna ruta moja na ekstenda mbili, na majina matatu ya mtandao ambayo watoto wanagombania. Baba watoto akipanda ngazi akiwa kwenye kikao cha Zoom, kikao kinakatika, halafu ananitazama mimi. Tena mama mkwe kila jioni anachomoa ekstenda ya koridoni achaji simu yake. Nifanyeje?*
*Mama Mapacha*

Marahaba. Wewe sasa ndiye mteja wa meshi, na nakwambia bila kigugumizi.

Kinachowatesa ni kwamba simu ndiyo huamua lini ihame. Ikishaishika ekstenda ya chini huing'ang'ania mpaka juu, hata ikibaki na alama moja. Vifaa vya meshi vina jina moja na vinajuana. Vile vinavyofuata viwango vya 802.11k, v na r huidokezea simu kwamba kuna mwenzao wa karibu zaidi, nayo ikahama bila Zoom kukatika, au karibu hivyo. Simu ya zamani inaweza kukaidi.

Vifaa viwili vinakutosha. Muuzaji atakusukumia vitatu. Kimoja chini karibu na ngazi, cha pili juu ngazi inapoishia, mawimbi yapite kwenye uwazi badala ya kupambana na zege na nondo zake. Uliza kama ni vya bendi tatu, ili moja itumike kwa mazungumzo ya nodi zenyewe. Hakikisha kila kimoja kina tundu la waya, maana siku mkimpata fundi wa kupitisha Cat 6 kwenda juu, meshi hiyo hiyo itageuka kitu kingine kabisa. Usichanganye chapa kwa kuwa tu boksi limeandikwa EasyMesh. Wi-Fi Alliance waliutoa mpango huo mwaka 2018 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane, lakini mapatano hayo mara nyingi hukosa baadhi ya mambo mazuri. Na umeme ukikatika, kila nodi inataka betri yake. Mkiiwekea ruta peke yake, ghorofa ya juu mtalala mapema.

Ekstenda usizitupe. Moja ipeleke kwa mlinzi getini, yeye anakaa mahali pamoja na simu yake haipandi ngazi.

Mama mkwe simgusi. Mnunulie ekstensheni ya umeme yenye matundu manne, uifunge karibu na kiti chake, nyeupe, mpya, umkabidhi mbele ya mwanawe.