Mfuga Mbu

Mama mwenye nyumba wangu hununua dawa ya kupuliza kila mwisho wa mwezi, na mimi mpangaji wake wa chumba cha uani nalipwa posho nifuge mbu. Wapangaji wenzangu walishaacha kuuliza nasomea nini hasa. Wanachojua ni kwamba nikitoka alfajiri, hata iwe Idi au Krismasi, naenda kulisha mifugo.

Na mifugo yenyewe inadeka! Inataka nyuzijoto 27, unyevunyevu wa asilimia 80 hivi, mwanga kwa saa 12 na giza kwa saa 12. Viluwiluwi wanakula chakula cha samaki wa mapambo kilichosagwa laini. Ukiwazidishia, maji yanachacha wanakufa, ukiwapunja, wanalana. Wakubwa wananyonya maji ya sukari kwenye pamba, na majike hawatagi bila damu. Damu ya nani, tuyaache hayo. Niseme tu kwamba mbu hawa wamezaliwa maabara na malaria hawaijui, kwa hiyo ninachoambulia ni kujikuna.

Kuwahamisha ni kazi ya mdomo. Unashika mrija wenye kipande cha wavu ndani, unavuta pumzi, mbu anaingia, nawe unaomba wavu usiwe umetoboka. Mjomba alipita kunisalimia akanikuta kwenye kazi hiyo. Picha aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo aliiandikia, "Hii ndiyo PhD." Shangazi akajibu kwa dua ndefu.

Ninachochunguza ni usugu: kwa nini mbu wa huku bonde la Kilombero hawafi tena kwa dawa zilizowaua babu zao. Unawatia kwenye mrija wenye karatasi iliyolowekwa permethrini, wanakaa humo saa moja, unawahamishia kwenye mrija safi, kisha unahesabu maiti baada ya saa 24. Pembeni wanakuwepo wenzao wa kulinganishia, ambao hawaonjeshwi sumu hata kidogo. Hao wakifa wengi, jaribio zima linatupwa.

Basi, mbu niliowatoa kwenye majaruba ya mpunga wanatoka kwenye sumu kama watu waliokwenda matembezi ya jioni. Wanaokufa ni wale wasioguswa! Hasa wa ukoo wa Kisumu, uliochukuliwa Kenya miaka ya 1970 na kulelewa maabara vizazi na vizazi bila kukutana na dawa. Umeme ukikatika, wanakufa kwa joto. Miguu ya meza tumeisimamisha kwenye makopo ya maji kuzuia sisimizi. Sisimizi wakapitia darini. Mara moja tulikuta mjusi ndani ya kizimba, ameshiba, hana haraka na mtu. Mlinzi wa zamu ya usiku akashauri tumwandike kwenye ripoti kama mtafiti mwenza.

Ronald Ross alipompasua mbu kule Secunderabad, India, Agosti 20, 1897, akaona vimelea vya malaria tumboni mwake, hakuwa na jenereta ya kuibembeleza. Mwaka 1902 akapata Tuzo ya Nobel. Mimi msimamizi wangu, mtu mpole kabisa, amenirudishia sura ya tatu ikiwa na neno moja kila ukurasa: "Fafanua."

Juzi mama mwenye nyumba aliniona narudi nimenyong'onyea, akataka kujua nimefiwa na nani. Nikamweleza habari za umeme na wa Kisumu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Pole, mwanangu. Lakini hao wako wanakufa kwa kukosa feni. Hawa wa chumbani kwangu nawapulizia toka mwaka juzi na wananenepa. Kwa nini usifuge hawa?"

Kwa kweli sikuwa na hoja ya kitaalamu ya kumpinga. Nikaenda kuleta mrija. Yeye akashika tochi, akanionyesha maficho yote: nyuma ya pazia, chini ya kitanda, ndani ya viatu vya marehemu mume wake. Tulipofika nyuma ya kabati akaizima tochi, akaniuliza kila kichwa nanunua kwa bei gani.