Starlet Yenye Tundu kwenye Boneti

Kwenye daftari la nyumba niliandika "Starlet ya kawaida", na neno la mwisho nikalipigia mstari. Kikao kilikuwa cha watu wanne: mimi, baba watoto, mama mkwe, na shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Fedha ya vitunguu, fedha ya kuku waliouzwa kabla ya Krismasi na mkopo wa kikoba zikajumlishwa, zikafika milioni nne na nusu. Gari lilipangiwa kazi mbili: kupeleka kuku na mayai Singida mjini, na kumpeleka mama kliniki ya presha Mandewa. Hapa Iguguno tuko barabarani, mabasi hayakosekani, lakini kumsimamisha juani mzee mwenye presha akisubiri basi lenye nafasi, huku kondakta akibishania nauli ya matenga ya kuku, si jambo la kuendelea nalo mwezi hadi mwezi.

Kwa fedha ile hatukuweza kuagiza gari Japani. Tanzania haimkatazi mtu kuingiza gari la zamani, tofauti na Kenya ambako gari lililozidi miaka minane halipokelewi. Ila mamlaka ya mapato, TRA, hulitoza kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na likishavuka miaka 10 linabebeshwa asilimia 30 nyingine kwa ajili ya umri wake. Starlet za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1999, Vitz ikachukua nafasi. Kwa hiyo anayetaka Starlet leo anainunua humu humu nchini, mara nyingi ikiwa ya usajili wa zamani, namba A au namba B, imeshapita kwenye mikono ya watu wengi. Wapo walioitunza na wapo walioitumia mpaka ilipogoma, na kadi ya gari haisemi nani ni nani.

Baba watoto na shemeji walikwenda Arusha kwa basi, wakarudi jioni ya pili wakiendesha. Nilipotoka uani nikaona Starlet nyeusi, safi, bei ndani ya bajeti, kadi ipo, mkataba wa mauziano umegongwa mhuri na wakili. Kwenye boneti kulikuwa na tundu pana lililotazama mbele.

Mama mkwe alilizunguka gari, akasimama hapo kwenye tundu.

"Mwanangu, hapa liligongwa na nini?"

"Hapana mama," shemeji akajibu kwa furaha isiyofichika, "hapo ndipo linapopumulia."

Ilikuwa Glanza V, Starlet ya mwaka 1997 yenye tabo. Usiku ule shemeji alitueleza mpaka chai ikapoa, na sina budi kusema alieleza vizuri. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,331, ya ukoo uleule wa Starlet ya kawaida. Ile ya kawaida ina nguvu za farasi zisizofika 90. Hii ilitoka kiwandani na 135, ndani ya gari lisilofika tani moja. Tofauti ni tabo: moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kwenda bure, unazungusha feni ndogo ya chuma, na mhimili wake unazungusha feni ya pili inayosindilia hewa kwenye injini. Mzunguko unaweza kuzidi mara 100,000 kwa dakika. Hewa iliyosindiliwa inapata joto, kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye intakula, rejeta ya hewa iliyokaa juu ya injini, chini ya lile tundu. Tundu ndilo linaloletea intakula upepo wa kuipoza.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Kilichonibadilisha ni hoja moja ya baba watoto, mtu asiyesema sana. Alisema Singida iko juu, takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa kadiri ya asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Injini ya kawaida inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho, na ndiyo maana gari dogo lililojaa watu wanne na matenga mawili hulemewa nyuma ya lori la Kigali, dereva akabaki kuchungulia kulia bila kuthubutu. Injini ya tabo hujisukumia hewa inayopungua. Katika barabara hii ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, gari linaloweza kumaliza kulipita lori upesi na kurudi upande wake ni usalama wa watoto wangu. Nikalifuta neno "kawaida" kwenye daftari.

Ugomvi wa nyumba yetu ulikuja baadaye, na ulihusu jambo moja: fedha ndogo iliyobaki ianze wapi.

Mimi nilitaka ianze kwenye oili, kulenti, mipira ya maji na breki. Shemeji alitaka ianze kwenye bomba la moshi. Tusimwonee, kwa gari la tabo bomba pana lina faida ya kweli, kwa sababu moshi ukipata njia tabo inaamka mapema. Lakini fedha ya bomba ilikuwa yake mwenyewe, ya bodaboda, hivyo likafungwa kabla kikao hakijaisha. Kuanzia siku ile Iguguno nzima ilijua saa tunayotoka na saa tunayorudi. Kuku walikuwa wakirukia ukutani kila gari linapowashwa. Mama mkwe alikosa taarifa ya habari ya saa mbili. Kwenye kibao cha 50 trafiki alitusimamisha, safari hii bila tochi, kwa sauti tu, na faini ya shilingi 30,000 ikaingia kwenye daftari langu chini ya safu ya chakula, maana hakukuwa na safu nyingine yenye nafasi.

Baada ya bomba ikaja valvu. Ni kitu kidogo cha shaba kinachounganishwa kwenye mpira mwembamba wa tabo. Ukikizungusha, tabo inachelewa kuambiwa kwamba upepo umetosha, inaendelea kusukuma. Vijana wanaita kuongeza upepo. Ni bei rahisi, na ndiyo hatari yake, kwa sababu kinaongeza hewa bila kuongeza mafuta, bila kuongeza upoaji, bila kuuliza injini ina umri gani. Shemeji alikifunga uani chini ya mwembe, akakizungusha kidogo, akajaribu barabarani, akarudi uso umeng'aa, akakizungusha tena.

Hali ilikuwa hiyo tulipokwenda Igunga kwenye posa ya binamu yao. Kwenda kulikuwa kuteremka: Misigiri, mlima Sekenke, Shelui, kisha mbuga ya Wembere. Tulifika salama na jogoo wetu wa posa. Kurudi tulikuwa na gunia la mchele wa Igunga kwenye buti, watu watano ndani, jua la saa nane, na petroli ya chupa iliyonunuliwa njiani kwa sababu shemeji alikuwa amedhani kituo kingekuwa mbele.

Sekenke ni ukingo mkali wa bonde. Malori yanayoshuka yanashikilia gia ndogo na harufu ya breki inakufikia kabla ya lori. Tulipoanza kupanda, injini ikaanza kugonga, kokoto kokoto, sauti kavu ya petroli inayowaka kabla ya wakati wake. Shemeji akakanyaga zaidi. Gari likaruka mbele, kisha likakatika kama limekufa, likaruka tena, likakatika. Kompyuta ya Glanza ikiona upepo umezidi kipimo inafunga mafuta ghafla ili injini isipasuke, lakini mle ndani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulieleza hilo kwa mama mkwe. Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Baba watoto akasema, "Hita."

Hita ikifunguliwa hadi mwisho inachukua joto la injini na kulileta kwa abiria. Ni msaada halisi, mafundi wote wanaujua. Hewa ya moto ikatoka kwenye dashibodi moja kwa moja usoni kwa mama.

"Mwanangu, jua lote hili na bado unaniwashia moto?"

"Vumilia mama, tunaliokoa gari."

"Na mimi nani ananiokoa?"

Tuliegesha penye nafasi, shemeji akazima injini palepale, na tukakaa kwenye kivuli cha mwamba tukisubiri. Nilimpepea mama kwa kipande cha boksi mpaka pumzi yake ikatulia. Yeye ndiye aliyekumbusha kwamba mlima huu ulichimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na kweli, mwaka 1916 walipobanwa na vita walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. "Wenzenu walikuja hapa kuchukua," akasema, "ninyi mmekuja kuacha." Shemeji aliinamisha kichwa.

Tulifika nyumbani polepole, valvu imefungwa kabisa, moshi wa bluu ukitufuata. Fundi wetu alikuja asubuhi na mfuko wa spana. Alipofungua boneti akaitazama intakula kwa muda mrefu, kisha akaniita mimi.

Haikuwa na pumzi hata moja. Tundu la boneti lilikuwa limekusanya kila kinachopeperuka Iguguno, na upepo wa Singida haupeperushi kidogo: manyoya ya kuku, petali za alizeti, makapi, vumbi jekundu lililoshikana na mvuke wa oili. Tuliifungua, nikailaza kwenye beseni la maji ya sabuni, nikaisugua kwa mswaki wa zamani. Maji yalibadilika rangi, nikamwaga, yakabadilika tena. Mapezi yake membamba ya alumini yalikuwa yamelala. Niliyanyoosha safu kwa safu kwa kitana chenye meno ya karibu, nimekaa mkekani, binti yangu akimulika kwa simu. Ilituchukua mchana wote. Ile ndiyo kazi ya kuongeza nguvu iliyofanyika kwa gharama ndogo kuliko zote katika gari lile, na hakuna kijana anayeiwaza kwa sababu haina sauti.

Kisha fundi akafungua bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo. Akalipuliza kwa mdomo, hewa haikupita. Akaingiza waya, vikaanguka kwenye kiganja chake vipande vyeusi vikavu mithili ya masizi ya sufuria. Hiyo ilikuwa oili. Tabo inayotoka kupanda mlima imewaka joto kali, na injini ikizimwa papo hapo oili iliyobaki mle inaungua na kuganda, safari inayofuata mhimili unazunguka karibu mkavu. Masizi yale hayakuwa ya siku moja. Wamiliki wengi walilizima hivyo. Fundi aliushika mhimili wa feni kwa vidole viwili, akautikisa juu na chini, kisha akauvuta na kuusukuma. Sote wanne tulikuwa tumesimama pale. Tabo ya mtumba kutoka Ilala ingemaliza fedha ya ada.

"Bado anaishi," akasema fundi. "Mkimtunza."

Tangu hapo daftari ndilo linaloamua. Oili nzuri inabadilishwa mapema, na fedha yake inatengwa mayai yanapouzwa. Rejeta ilisafishwa; maji ya kisima chetu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huohuo ulikuwa umejaa kwenye vijia vya rejeta, kwa hiyo sasa inawekwa kulenti na hakuna anayeruhusiwa kuongeza maji ya ndoo. Mipira ya maji ikabadilishwa yote. Kwenye tundu la boneti tumeweka wavu wa dirisha wenye matundu mapana, unaotolewa na kukung'utwa kila Jumamosi. Bomba la zamani lilirudishwa, kuku wametulia. Valvu iko kwenye droo yangu, pamoja na vyeti.

Sheria ya kutozima injini haraka imeshikwa na mama mkwe kuliko mtu yeyote. Tukifika Mandewa au nyumbani, haruhusu mlango ufunguliwe mpaka gari lishushe pumzi. Anasali sala fupi, anasema amina, ndipo ufunguo unageuzwa. Fundi alisema dakika moja au mbili zinatosha, na sala ya mama haijawahi kupungua hapo.

Kwa upepo wake wa kiwandani, bila nyongeza yoyote, Glanza inapanda Sekenke na abiria wanne mshale wa joto ukiwa chini ya nusu. Shemeji ndiye dereva wetu, na sasa anaendesha vizuri. Akilipita lori analipita mara moja, kwa uhakika, na anarudi upande wake. Anazo hamu zake bado. Ameniomba rimu za spoti, nikamwambia breki za mbele kwanza, akakubali bila kununa na akaenda mwenyewe kuulizia bei ya pedi na diski.

Lile bomba pana limepata mnunuzi Singida mjini, kijana mwenye Altezza. Fedha yake tunainunulia taiming belti, maana kati ya wote waliomiliki gari hili kabla yetu hakuna aliyeandika popote ilibadilishwa lini.